Ugomvi wa Wodini Hautibiwi kwa Karipio

Asubuhi, muuguzi aliyekesha humkabidhi mwenzake wodi. Dripu ya mgonjwa mmoja imekwisha, wala haijulikani ni nani aliyepaswa kuibadili. Maneno makali huanza, na wagonjwa husikia yote. Mara nyingi wakuu wa hospitali huona hapo utovu wa adabu tu, wakaandika barua ya onyo. Hukumu hiyo yafaa ipimwe kisayansi.

Mtu akiwa katika mashaka, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio na misuli hukaza. Hali hiyo hufaa kwa muda mfupi. Ikidumu, usingizi huharibika, kumbukumbu hulegea, na hasira huwa karibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa vyema, wala halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Basi chanzo chake kitafutwe katika mpango wa kazi.

Jambo hilo lilikwisha kudokezwa zamani. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake juu ya wauguzi wa hospitali moja ya kufundishia mjini London. Aliona kwamba desturi zilizokusudiwa kuwakinga na uchungu wa maradhi na kifo, kama vile kugawa kazi vipande vipande na kusukuma kila uamuzi kwa wakubwa, ziliwazidishia wasiwasi.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache, kwa hiyo hapana la kufanya. Uhaba ni kweli, na hapana daftari litakaloziba pengo hilo. Hata hivyo, kuandika makabidhiano ya kila zamu, kutaja mwenye dhamana ya kila mgonjwa, na kuwasikiliza wagombanao faraghani kabla ya kuwahukumu, hakuhitaji fedha za kigeni. Atukanaye hana budi kuonywa. Lakini onyo lisilogusa chanzo huahirisha tu ugomvi hadi zamu ijayo.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Wodini, nyasi ni mgonjwa aliyelala akingoja dripu yake ibadilishwe.