Lubumbashi nayo Iajiri Mwandishi wa Mji



Kila siku wanatuambia utajiri wa Katanga njo shaba na kobalti. Basi muangalie Fiston Mwanza Mujila.

Alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981. Utotoni alitaka kupiga saksofoni, lakini saksofoni haikupatikana. Akafanya sauti yake kuwa chombo. Mpaka leo akisoma mashairi mbele ya watu, anaimba, anapiga kelele, anavuta pumzi kama mupiga tarumbeta. Kasala, yale masifu ambayo bakoko Waluba wanaimba ku matanga na ku sherehe, ameyaingiza mu mashairi yake.

Riwaya yake Tram 83 ilitoka Paris mwaka 2014. Ndani yake kuko mji wa migodi, wachimbaji, wanafunzi, baa yenye jazi, na gare ambayo ujenzi haujaisha. Nani hapa hatambui? Ilipata tuzo ya Etisalat ya 2015 kule Nigeria, na tuzo nyingine Berlin mwaka 2017.

Sasa musikilize vizuri. Mwaka 2009 mji wa Graz, kule Austria, ulimuchukua awe mwandishi wa mji: nyumba ya kulala, feza ya kula, kazi ya kuandika. Angali anaishi kule. Hatumulaumu. Kipaji kilitoka kwetu, lakini wengine njo walilipia muda wake.

Mimi niko na diploma ya iniversite, kazi hakuna. Tram 83 niliisoma ku telefone, picha za kurasa ambazo zilipita kwa watu watatu mbele ya kunifikia. Basi musituambie vijana hawapendi kusoma.

Tunaomba wakubwa wa komini, wa mji na wa jimbo:

1. Chumba cha kusomea mu komini ya Kenya, chenye umeme na vitabu vya waandishi wa Lubumbashi.

2. Vitabu hivyo vifundishwe mu masomo.

3. Kazi ya mwandishi wa mji, mwaka mmoja mmoja, kwa shindano la wazi.

Musiseme feza hakuna. Sheria ya madini ya 2018 inapatia jimbo 25% ya mrabaha wa madini. Saksofoni ngapi, vitabu ngapi?

Tunangoja jibu, na liwe la maandishi.