Bunduki ya chumbani, sheria ya dukani

Najua nimepotea kidogo, majukumu yalinibana. Leo nimekuja na jambo lililonikaa kichwani tangu wiki iliyopita, na kama kawaida yetu nalileta hapa tulijadili.

Nilikuwa nimekaa na rafiki yangu mmoja, fundi wa mashine za kuchonga vyuma. Mpelekee kipuri cha gari kilichokatika, atakuchongea kingine. Akanionyesha kwenye simu video ya baba mmoja wa Kimarekani, mtu mzima na kitambi chake, yuko kwenye gereji ya nyumbani siku ya mapumziko anajitengenezea bastola. Wala si jambazi. Anaelezea kazi yake kwa raha kama mtu anayefuga njiwa. Rafiki yangu akaniuliza: "Sasa huyu hakamatwi?"

Hakamatwi. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, mtu ambaye hajazuiwa kumiliki silaha anaruhusiwa kujitengenezea ya matumizi yake mwenyewe bila leseni, mradi hatengenezi kwa ajili ya biashara. Majimbo kadhaa kama California na New Jersey yameweka masharti yao makali zaidi, lakini msingi ndio huo.

Ilikuwaje? Turudi nyuma kidogo. Rais Kennedy aliuawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta. Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy nao kupigwa risasi, Wamarekani wakapitisha sheria kubwa ya silaha: muuzaji awe na leseni, bunduki ichongwe namba, kumbukumbu za mnunuzi zitunzwe. Polisi wakiokota bunduki penye mauaji, wanafuata namba hadi kiwandani, kutoka kiwandani hadi dukani, kisha wanapata jina la mnunuzi wa kwanza.

Ni utaratibu mzuri, ila unategemea kitu kimoja: kwamba kuna duka. Yule baba wa kwenye gereji hana duka. Bunduki yake haina namba wala karatasi. Wenyewe wanaziita bunduki za mizuka (si mzuka ule wa disko jamani, ni ule wa kutisha), kwa sababu polisi wakiziokota hawana pa kuanzia.

Zamani hili halikuwa tatizo kubwa. Kuchonga bunduki kutoka kwenye chuma kitupu kunataka mashine, ujuzi na uvumilivu, na wenye vitu hivyo vyote mara nyingi ni wapenzi wa ufundi tu. Mambo yaliharibika pale wafanyabiashara walipoanza kuuza seti za vipande ambavyo vimebakiza kazi kidogo tu kukamilika. Kwa kuwa havijakamilika, walidai si bunduki. Hakuna namba, hakuna kuangalia kama mnunuzi ana rekodi ya uhalifu. Kwenye kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani ilielezwa kuwa mtu ambaye hajawahi kuona seti ya namna hiyo aliiunganisha kwa dakika 21, akitumia vifaa vya kawaida na video za YouTube.

Jamani, dakika 21! Huo si ufundi. Hapo umenunua bunduki na bisibisi.

Matokeo yake? Mwaka 2017 polisi wa Marekani walipeleka serikali kuu bunduki za aina hii kama 1,600 ili zifuatiliwe. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni kwamba seti kama hizo zihesabiwe kuwa bunduki, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaikubali kanuni hiyo kwa majaji 7 dhidi ya 2. Mimi nasema walifanya sawa. Kitanda ulichonunua Keko kikaletwa kwako vipande vipande bado ni kitanda.

Najua kuna watakaoniuliza: na wale wasionunua seti? Mwaka 2013 kijana wa Texas, Cody Wilson, aliweka kwenye intaneti michoro ya bastola ya kuchapa kwa mashine ya plastiki. Serikali ilipomwamuru aiondoe, ilikuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara 100,000. Na Julai 2022 huko Nara, Japani, nchi yenye sheria za silaha kali kuliko karibu zote, waziri mkuu wa zamani Shinzo Abe aliuawa kwa bunduki iliyotengenezwa nyumbani. Hata baruti muuaji alijitengenezea.

Basi wapo wanaosema sheria hazina maana. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Huyo wa Japani ilibidi ahangaike kwa muda mrefu, peke yake, ili apate kitu ambacho Marekani kijana angekipata kwa posta. Na Japani watu wanaouawa kwa risasi kwa mwaka ni wachache mno. Sheria haiwezi kumzuia kila mtu. Kazi yake ni kuwazuia wale wengi wenye hasira za leo ambao kesho zingekuwa zimeisha.

Tusidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Gobore tunalijua. Wahunzi wetu vijijini wamelitengeneza miaka na miaka, watu wakawindia na kufukuzia nguruwe pori mashambani. Sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 hairuhusu kutengeneza bila leseni, lakini magobore bado yanakamatwa na kusalimishwa.

Nilipomaliza kumweleza rafiki yangu yote haya alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kuwa mwaka jana alikuja mteja asiyemfahamu, ana kipande cha bomba la chuma, anataka litobolewe kwa kipimo maalumu, na hela anayotoa ni nyingi kuliko kazi yenyewe. Alipomuuliza ni la nini, akajibu "la pampu". Rafiki yangu anazijua pampu. Akamrudishia bomba lake.

Hakuna askari aliyekuwepo pale, wala kanuni iliyobandikwa ukutani. Ndiyo maana naamini kuwa wauza seti, wauza baruti na mafundi ndio wa kuzungumza nao kwanza, kabla ya kuhangaika na michoro ambayo imeshasambaa. Pale ambapo bado kuna mtu anayeuza au kuchonga, bado kuna wa kuuliza "la nini?"

Mwenzangu unaonaje? Ungekuwa wewe fundi, na kodi ya nyumba inadaiwa, ungemrudishia?