Lori la vita lililojengwa kwa kandambili

KUNA neno moja ambalo watoto hulielewa kabla hata ya kujua kusoma. Neno hilo ni "tutaona". Mzazi akilitamka, mtoto anajua kwamba jibu ni hapana, ila mkubwa ameona tabu kulisema.

Ndilo jibu alilopewa kijana mmoja wa miaka 12, mkazi wa Morogoro, alipomwonesha baba yake picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya lori la zamani la jeshi la Marekani, GMC la matairi kumi, lililotumika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kijana alikuwa ameliona kwenye filamu kwa jirani na usingizi ukamruka. Alitaka mfano wake mdogo, wa kuweka juu ya kabati.

"Tutaona," alisema baba, macho yakiwa kwenye televisheni.

Nyuma ya neno hilo kulikuwa na jambo zito zaidi. Miezi mitatu kabla, kijana alileta nyumbani alama 31 za hisabati. Baba, ambaye ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma na hukaa nyumbani siku chache kwa mwezi, alifika akiwa amechoka. Alikuta daftari lina alama hizo, na pembeni yake gari la waya ambalo mwanawe alilisuka kwa wiki mbili. Akalikanyaga. "Hii ndiyo hisabati yako?" aliuliza.

Mtoto hakulia. Aliziokota nyaya, akazisukuma chini ya kitanda. Tangu siku ile maneno kati yao yakabaki mawili: "shikamoo" baba akifika, na "safari njema" baba akiondoka.

Kwa hiyo picha ile ya lori haikuwa ombi la kununuliwa kitu tu. Mtoto alikuwa anabisha hodi. Mama aliliona hilo, na usiku akamwambia mumewe: "Amekuja kwako, hakuja kwangu. Usimrudishe."

Kutafuta la dukani

Kesho yake baba alianza kutafuta. Katika maduka ya wanasesere mjini alikuta magari ya plastiki ya rangi kali, hakuna hata moja lililofanana na lile la picha.

Mtandaoni alikuta kwamba lori hilo lipo. Kampuni ya Tamiya ya Japani na Italeri ya Italia zimetoa seti zake za vipande vya plastiki katika skeli ya 1:35, na Hasegawa, ya Japani pia, ikatoa dogo zaidi la 1:72. Skeli ya 1:35 maana yake kila sentimita 35 za lori halisi zinakuwa sentimita moja mezani. Lori la mita 6.5 linakuwa na urefu wa sentimita 18 na nusu hivi. Kwenye 1:72 linabaki sentimita tisa, la kuenea kiganjani.

Lakini ukijumlisha bei, usafirishaji na ushuru, pesa ilifika ya sare za shule za watoto wawili. Gundi na rangi hazimo ndani ya boksi, zinanunuliwa mbali.

Safari hii baba hakusema "tutaona". Alimwita kijana akamwonesha hesabu yote kwenye karatasi. "Hii hatuiwezi mwaka huu," alimwambia. Kisha akaongeza: "Lile la waya nililivunja mimi. Nilikosea. Ukitaka, hili tulijenge wenyewe."

Kijana alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza, "Tutatumia nini?"

Vipimo kwanza

Walichagua skeli ya 1:20 kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kila mita moja ya lori halisi inakuwa sentimita tano. Lori lile, aina ya CCKW lenye chasisi ndefu, lina urefu wa inchi 256 na upana wa inchi 88. Sehemu ya mizigo ina urefu wa futi 12. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kazi ya kijana ikawa kubadilisha inchi kuwa sentimita, kisha kugawanya kwa 20.

Hata herufi za jina lake zina maana. C ya kwanza ni mwaka 1941 lilipobuniwa, C ya pili ni kabini ya kawaida iliyo nyuma ya injini, K ni kwamba ekseli ya mbele nayo inavuta, na W ni ekseli mbili za nyuma zinazovuta. Baba, aliyeendesha malori miaka 16, alifurahi kuliko mtoto. "Kumbe ni difu tatu!" alisema.

Vifaa vilitoka humohumo ndani. Kadibodi ngumu ya boksi la televisheni ikawa chasisi na kabini. Vijiti vya aiskrimu vikawa mbao za bodi, na hapo hawakudanganya mtu: vita vilipopamba moto, mengi ya malori haya yalitengenezwa na bodi za mbao ili kuokoa chuma. Vijiti vya mishikaki vikawa ekseli. Kaptura ya kaki ya shule iliyochanika ikawa turubai.

Matairi ndiyo yaliyosumbua. Tairi la lori hili limeandikwa 7.50-20, yaani upana wa inchi saba na nusu, kwa rimu ya inchi 20. Kwa skeli yao, upana ni karibu sentimita moja na rimu ni sentimita mbili na nusu. Kimo cha tairi zima ni kama sentimita 90, kwa hiyo mezani likawa sentimita nne na nusu. Mama ndiye aliyeleta jawabu: kandambili zilizokwisha. Soli iliyolika ina unene wa karibu sentimita moja. Pea moja ilitoa matairi yote kumi, na vifungo vya koti kutoka kwa fundi cherehani vikawa rimu.

Mkono wa mzazi ukae wapi

Siku ya pili kijana alikata sakafu ya lori peke yake. Baba alipoitazama, alijua palepale kuna kosa. Upana ulikuwa sentimita 11.2, sawasawa. Lakini urefu ulikuwa 12.8. Mtoto aligawanya inchi 256 kwa 20 na kusahau kuzibadilisha kwanza. Lori lilikuwa limegeuka bajaji.

Baba alinyoosha mkono kuchukua kisu na rula. Akaurudisha. Ilimgharimu, kwa kuwa alikuwa anasafiri keshokutwa na muda ulikuwa unakwenda. Badala yake aliuliza: "Kwenye picha ya ubavuni, tairi la mbele linaingia mara ngapi kwenye urefu wa lori?"

Kijana alikata ukanda wa karatasi wenye kimo cha tairi la kwenye picha, akauhamisha toka bampa hadi nyuma. Mara saba na kidogo. Akachukua tairi la kandambili, akalipima kwenye kadibodi yake. Halikufika hata mara tatu.

Alitazama daftari, akatazama kadibodi. "Nimesahau 2.54," alisema. Akachukua karatasi nyingine, akakokotoa, akapata 32.5.

Mzazi, tazama kilichotokea hapo. Jibu sahihi angeweza kupewa kwa sekunde tano. Angelisahau kwa muda huohuo. Alichopata ni njia ya kujikagua mwenyewe, na ndiyo njia wanayotumia wajenzi wa mifano hii wanapokosa kipimo: unachukua kitu kimoja unachokijua ukubwa wake, kwa kawaida tairi, na kukifanya rula ya picha nzima. Kimo cha kabini na taa walivipata hivyohivyo.

Kazi ya kisu baba aliishika yeye pale kadibodi ilipokuwa nene. Kuchonga pembe ndogo alimwachia kijana, huku akimfundisha kukata kuelekea mbali na vidole, na kupita mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Gundi kali ya matone ilikaa kwa mama. Rangi waliipaka uani: njano na nyeusi za maji zikichanganywa zinatoa kijani cha jeshi kilichofifia, kama cha zeituni.

Swali ambalo halikuwa la lori

Mama alikuwa na wasiwasi wake. Je, huku si kumfundisha mtoto kupenda vita? Alilisema wazi mezani, na baba akakubali kwamba lori bila habari yake ni nusu ya kazi.

Basi jioni walisoma pamoja. Walikuta kwamba yalitengenezwa malori ya aina hii zaidi ya 500,000. Mwaka 1944, baada ya majeshi ya washirika kutua Ufaransa, askari walisonga mbele haraka kuliko mafuta na chakula. Kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16 mwaka huo, misafara ya malori iliyoitwa Red Ball Express ilikimbia usiku na mchana kuwapelekea mahitaji. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi ambalo bado liliwatenga na wenzao weupe. Ndani ya vita hivyo hivyo, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa wamepelekwa Abisinia, Madagaska na Burma wakiwa na King's African Rifles.

Walisoma pia jinsi madereva wa Red Ball walivyoondoa vidhibiti mwendo, wakabeba kupita kiasi, na usiku wakaendesha kwa mwanga mdogo ili ndege za adui zisiwaone. Adui mwingine alikuwa usingizi. Wapo walioacha barabara kwa kusinzia.

Baba alisoma sehemu hiyo akanyamaza. Ndipo kijana akauliza swali ambalo huenda alikuwa nalo siku nyingi: "Na wewe, baba, husinzia?"

Ilikuwa rahisi kujibu hapana. Mama alikuwa anasubiri kusikia. Baba alikuna kidevu, kisha akasema kwamba iliwahi kumtokea, mara moja, alfajiri moja kabla ya kufika Mikumi. Alishtuliwa na matairi yalipogusa changarawe za pembeni. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Ulifanya nini?"

"Nilisimama nikalala saa mbili. Nilichelewa, nikagombezwa na tajiri. Lakini nilifika."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mama aliondoa vyombo polepole. Halafu kijana akarudi kwenye lori lake, akaanza kugundisha kifungo cha tairi la tisa.

Kwa wazazi wengine

Si lazima liwe lori, wala si lazima liwe la vita. Inaweza kuwa dau la bibi, au treni ya Reli ya Kati. Lakini mambo manne ya nyumba hii yanafaa kubebwa.

Kwanza, kama huwezi kununua, mwoneshe mtoto hesabu. Mtoto anavumilia kukosa kuliko kuzungushwa.

Pili, ulichokivunja kitaje kwa jina. "Nilikosea" isiyosema ulikosea nini haimfikii mtoto.

Tatu, chagua skeli ambayo mtoto anaweza kuipiga hesabu mwenyewe, kama 1:10 au 1:20. Akikosea, muulize swali litakalompeleka kwenye kosa. Kadibodi ipo nyingi.

Nne, simulia habari ya kitu hicho bila kuipamba. Mtoto akiuliza jambo linalokugusa, mpe ukweli unaolingana na umri wake. Kwa ukweli huo atajua kwamba na yeye anaweza kuja na alama 31 bila kujificha.

Lori lilimalizika siku baba aliyoondoka. Lina kasoro: boneti imeinama kidogo upande wa kushoto, na turubai bado linaonesha mshono wa mfuko wa kaptura. Kijana alitaka baba alibebe kwenye kabini. Baba akakataa, akasema litaharibika kwa mtikisiko, likae juu ya kabati likimsubiri.

Walikubaliana jambo lingine. Kila safari, akifika Iringa atapumzika, na kabla ya kulala atatuma ujumbe. Usiku ule simu ya mama iliita mlio mfupi saa nne kasoro. Kijana ndiye aliyeifungua. Uliandikwa: "Nimeegesha. Nalala."