Mwanao akirudi na somo la kuchagua mwenzi

Chuoni, wanafunzi wa biolojia na saikolojia husoma jinsi binadamu anavyochagua mwenzi. Mzazi, mwanao akirudi likizo na kusema sayansi imethibitisha kuwa wanawake hufuata pesa na wanaume hufuata sura, usimfokee. Muulize kama amesoma hadi mwisho.

Mwaka 1989, David Buss wa Marekani alichapisha utafiti wa watu zaidi ya 10,000 katika jamii 37, zikiwemo za Zambia na Nigeria. Ni kweli, wanawake walijali kipato kuliko wanaume, na wanaume walijali sura kuliko wanawake. Lakini wote waliweka wema na akili juu ya hayo mawili.

Aliyeshika nusu ya somo huchagua kwa nusu hiyo. Mkumbushe iliyobaki mapema, kabla ya posa.