Kabla ya kumwita kocha mwoga, tazama katikati ya uwanja
Na Hamisi Kilongola

Kila baada ya mechi kubwa ubishi ni uleule vijiweni na redioni. Upande mmoja unataka timu ikabie juu, kipa wa mpinzani asipate hata pa kupeleka mpira. Upande mwingine unataka timu ishuke, ifunge njia, isubiri mpinzani akosee kisha ipige kaunta. Neno linalotumika kufunga mjadala ni woga: kocha akiishusha timu basi ameogopa, amepaki basi. Naamini ubishi huu hauendi mbele kwa sababu wote tunapima kitu kimoja tu, yaani timu inaanza kukaba kwenye eneo gani. Timu inaweza kukaba vizuri mita 20 kutoka lango la mpinzani, na inaweza kukaba vizuri mita 20 kutoka lango lake. Inapoumizwa, mara nyingi ni pale washambuliaji wanapokaba kwa mpango mmoja na mabeki kwa mpango mwingine.

Chukua Yanga ya Miguel Gamondi msimu wa 2023/24. Novemba 5, 2023 iliifunga Simba 5-1, na mashabiki wa Jangwani walipata walichokuwa wakikitamani kwa miaka mingi: timu inayomfuata mtani hadi kwake na kumnyima pumzi. Miezi mitano baadaye, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kocha huyohuyo alikutana na Mamelodi Sundowns, timu inayoishi kwa kumiliki mpira. Yanga haikuwafuata namna ile. Ilijipanga, ikawaachia mpira, ikalinda njia za kuelekea langoni kwa Djigui Diarra. Ilitoka 0-0 Dar es Salaam, ikatoka 0-0 Pretoria, ikaondolewa kwa penalti 3-2 baada ya shuti la Aziz Ki kugonga mwamba na kuzua mabishano ambayo hayajaisha hadi leo. Ni kocha mmoja, msimu mmoja, mbinu mbili. Anayesema Gamondi alikuwa jasiri Novemba na mwoga Aprili ana kazi ya kutueleza ni kwa vipi timu ya waoga ilikaa dakika 180 bila kuruhusu bao mbele ya Sundowns.

Kukabia juu kunahitaji watu 11. Namba tisa anapomkimbilia beki wa kati, winga lazima awe amemfikia beki wa pembeni, na kiungo lazima ampandie namba sita wa mpinzani. Kiungo akishapanda, nyuma yake panabaki uwazi, na uwazi huo unazibwa na mabeki wa kati wakisogea hadi karibu na mstari wa kati. Hapo ndipo timu nyingi zinapokatika. Mabeki wanaojijua hawana mbio wanasita, wanabaki pale walipo. Mbele watu watatu wanakimbia, nyuma watu wanne wamesimama, katikati pameachwa mita 30 au 40. Pasi moja ya kupenyeza inawavuka watu watano kwa mpigo. Shabiki jukwaani anaona washambuliaji wakihangaika, anapiga makofi, kisha bao likiingia anamlaumu kipa. Arrigo Sacchi, aliyeipa Milan Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, alitaka kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele pasizidi mita 25. Kipimo hicho ndicho kilichofanya kukaba kwao kuwezekane.

Na hata mabeki wakipanda, kazi haijaisha. Oktoba 4, 2020, Liverpool iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Uingereza miezi michache tu nyuma ilifungwa 7-2 na Aston Villa, Ollie Watkins akipiga matatu kipindi cha kwanza. Ni kweli bao la kwanza lilitokana na kosa la kipa Adrián. Lakini jioni ile yote mabeki wa Jürgen Klopp walisimama juu kama kawaida yao, huku mpigaji wa pasi wa Villa akiachwa na muda wa kuinua kichwa na kuchagua. Mstari wa juu bila presha kwenye mpira ni mlango ulioachwa wazi. Mbinu ilikuwa ileile iliyowapa kombe, kilichokosekana ni nusu yake.

Sasa tuwatazame wanaosubiri. Morocco ya Walid Regragui kwenye Kombe la Dunia 2022 ilifika nusu fainali ikiwa imefungwa bao moja tu, nalo alijifunga Nayef Aguerd dhidi ya Canada. Ubelgiji, Hispania na Ureno zote zilishindwa kupata bao. Kwa sehemu kubwa Morocco haikujazana ndani ya boksi lake. Mistari ilibana katikati, Sofyan Amrabat akisimama mbele ya mabeki, na mpira ulipopatikana palikuwa na pa kuupeleka: kwa Hakimi na Ziyech kulia, kwa Boufal kushoto. Karibu na kwetu, Agosti 10, 2025 pale Kasarani, Harambee Stars iliifunga Morocco 1-0 kwenye CHAN kwa bao la Ryan Ogam, kisha ikacheza kipindi cha pili chote ikiwa na watu kumi. Sijasikia Mkenya yeyote akimwita Benni McCarthy mwoga kwa jioni ile.

Linganisha na Taifa Stars kule San Pédro, Januari 2024. Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia walipewa kadi nyekundu. Tulikuwa na bao, tulikuwa na mtu mmoja zaidi, na tulikuwa tunautafuta ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa kutokana na kona. Mechi hiyo inaniuma mpaka leo, na siamini dawa yake ilikuwa kukabia juu. Mwenye mtu wa ziada anahitaji kwanza kuushika mpira na kumkimbiza mpinzani mpaka achoke. Kusubiri bila njia ya kutokea kunamletea mpinzani kona, faulo na mipira ya juu, na katika wingi huo moja itaingia.

Wapo watakaosema mashabiki wanalipa kiingilio kuona mpira, na timu inayongoja nyuma inawachosha. Hoja hiyo naiheshimu. Kwenye ligi yetu, Simba, Yanga na Azam wana wachezaji na benchi la kuwafuata wapinzani wengi hadi langoni kwao, na wakisubiri nyumbani wanastahili kuzomewa. Lakini kumdai kocha wa timu inayopigania kutoshuka daraja, mwenye mabeki wazito na mechi ya saa kumi jioni kwenye joto, akabe kama Bayern Munich, ni kumdai kitu ambacho kikosi chake hakikusajiliwa kukifanya. Nakubali pia kwamba kusubiri kuna gharama: Yanga haikufunga bao hata moja dhidi ya Sundowns, na asiyefunga anaishia kwenye penalti. Gharama hiyo inalipika kama timu inajua itatokaje. Isipojua, ndipo lawama kwa kocha inapokuwa ya haki.

Ombi langu ni kwa mashabiki na kwa wachambuzi wetu wa redio. Mechi ijayo, mpira ukiwa kwa mpinzani, acheni kuutazama kwa dakika tano. Mtafuteni beki wa kati na namba tisa wa timu yenu, mpime kwa macho nafasi iliyo kati yao, kisha mtazame kama inabana au inapanuka kadiri wanavyochoka. Baada ya hapo tukutane kijiweni tubishane kuhusu kocha.