Matege ya Mutoto si Kazi ya Mulozi

Mama unayesoma karatasi hii, tazama miguu ya mutoto wako anapotembea. Kama amepita miaka miwili, na magoti yake yanaachana kama upinde ao yanagongana, tena vifundo vya mikono yake vimevimba, usiende kwa mufumu kuuliza ni nani aliyemuloga. Najua kwa nini munakwenda. Munasema: “Mutoto wa jirani anakula chakula kile kile, naye miguu yake imenyoka. Kwa nini wangu tu?” Kisha bibi muzee wa kando ya nyumba anaanza kutazamwa vibaya. Nimeona mumoja akifukuzwa kijijini usiku kwa neno hili, na blanketi yake moja tu.

Swali la mama si la upumbavu, na linastahili jibu.

Munganga mumoja wa watoto wa Johannesburg, John Pettifor, alitumia miaka mingi kuchunguza namna mwili unavyojenga mifupa. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliandika habari za watoto wa vijiji vya Afrika ya Kusini wenye matege. Waganga wengi walifikiri matege yanatoka kwa kukosa jua, kwa sababu jua linafanya vitamini D katika ngozi. Lakini watoto hawa walikuwa na jua. Chakula chao kilikuwa mahindi, bila maziwa, ndipo waganga wakauliza kama walikosa kalsiamu, ile chokaa inayofanya mufupa kuwa mugumu.

Mimi vilevile nilifundisha nusu ya neno. Miaka mingi niliwaambia wamama: “Muweke mutoto juani.” Mama mumoja akanijibu: “Munganga, anashinda shambani uchi. Jua gani tena?” Sikuwa na jibu, nikamukemea bure.

Jibu lilitoka Jos, katika Nigeria. Mwaka 1999 Pettifor na wenzake walitoa habari za watoto 123 wenye ugonjwa huu. Wengine walipewa sindano za vitamini D, wengine kalsiamu kila siku, wengine vyote viwili. Kisha majuma 24 walipima damu na kutazama picha za mifupa. Kwa vitamini D peke yake, watoto 19 katika kila 100 walikuwa karibu kupona kabisa. Kwa kalsiamu walikuwa 61, na kwa vyote viwili 58.

Sasa sikia juu ya mutoto wa jirani. Waliuliza chakula cha watoto wazima wa mahali pale vilevile. Nao walikula kalsiamu kidogo, sawasawa na wagonjwa! Miili haifanani: mumoja anavumilia upungufu, mwingine anapindika. Lakini wagonjwa walipopewa kalsiamu, wengi walipona. Ni ulozi gani unaofukuzwa na kalsiamu?

Kwetu ugali wa mihogo unajaza tumbo, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Ndagala ziko sokoni, na bei yake haifikii mbuzi ya mufumu. Mwaka 2015 ilitolewa habari nyingine ya watoto wa Nigeria wenye matege: unga wa samaki waliosagwa pamoja na mifupa yao uliwasaidia sawa na chokaa ya mawe iliyosagwa. Basi usitupe vichwa na miiba. Kausha, ponda yote, changanya katika uji. Nimeona baba akila ndagala zote, mutoto akapewa muchuzi. Muchuzi si mifupa.

Mutoto aliyekwisha kupindika, umulete hospitali tumupime, usingojee unga wa samaki peke yake. Si kila muguu uliopindika ni wa ugonjwa huu. Mutoto wa mwaka mumoja anayeanza kutembea anaweza kuwa na miguu ya upinde kidogo, nayo inanyoka yenyewe. Umulete tu. Na yule bibi muzee wa kando, kama mugongo wake unamuuma, aje naye.