Ndege ya mzigo ina mlango nyuma, basi utumieni huo mlango

Najua nimepotea barazani. Kuna waliouliza kama nimefungiwa ndani ya kontena huku Rusayl. Nipo jamani, ni joto tu na zamu za usiku, na mtu akitoka hapa mji wa viwanda mpaka akakata foleni ya Burj al Sahwa, hata hamu ya kuandika inakuwa imeshayeyuka.

Leo lakini nina hasira, nivumilieni.

Juzi wakati wa mapumziko tulikaa kivulini nyuma ya bohari, mie, vijana wawili, mmoja wa Tanga na mmoja wa Mombasa, na mzee mmoja Muomani aliyezaliwa Unguja, sote tunamwita Ami. Ikapita juu ndege ya mzigo ya jeshi, ile aina ya Hercules, mapanga manne, tumbo nene. Basi vijana wakaanza. Huyu anasema angeifunga mizinga ubavuni. Yule anasema angeijaza makombora, yaachiwe kwa mlango wa nyuma. Wakachora mpaka kwenye katoni. Na kila mmoja anaona amebuni kitu kipya!

Nikawaambia, sheikh zangu, hayo yote yameshafanywa, tena mengine yamefanywa mlangoni petu. Ndege-mizinga ipo tangu vita vya Vietnam. Mmoja wa jamii hiyo, AC-130 ya Marekani iliyokuwa ikifanya kazi ya Somalia kutokea Mombasa, ilianguka baharini karibu na Malindi mwezi Machi 1994, baada ya risasi ya mzinga wake wa milimita 105 kulipukia ndani ya mtutu. Walikuwa watu 14 ndani, wakafa 8. Makombora kwa mlango wa nyuma nayo, Wamarekani wameshajaribu mwaka 2021, wanayapanga kwenye pala kama sisi tunavyopanga mizigo ya foklifti.

Na hapa hapa Oman, Aprili 1980, Hercules ziliruka kutoka kisiwa cha Masirah kwenda jangwani Iran kwa ajili ya mateka wa Kimarekani wa Tehran. Nyingine zilipakiwa mifuko mikubwa ya mafuta, zikawa vituo vya petroli vinavyoruka, ili helikopta zijazwe huko huko. Ikaishia helikopta kugonga mojawapo ya ndege hizo, wakafa Wamarekani 8. Mtu na akili zake angesema basi, tumekoma. Wao wakachukua Hercules nyingine wakaifunga roketi 30, za kuisukuma na za kuifunga breki, ati iweze kutua ndani ya uwanja wa mpira Tehran! Oktoba mwaka huo huo, kwenye majaribio, roketi za breki zikawaka kabla ya wakati, ndege ikapiga chini na bawa likakatika. Bahati njema hakufa mtu. Sasa kijana wa Tanga na kalamu yake na katoni atabuni nini cha kuwazidi hao?

Kwetu Afrika Mashariki ubunifu wenyewe ndio unaotia uchungu. Miaka ya 1970 ndege za mizigo za Uganda zilikuwa zikitua Stansted, Uingereza, zikirudi Entebbe na wiski na vitu vya anasa vya kuwafurahisha wanajeshi wa Idi Amin, wakati mwananchi hana sukari wala sabuni. Nao watu wa milima ya Nuba na Sudan Kusini waliijua Antonov kwa mlio kabla hawajaiona. Ile ni ndege ya mzigo, haikutengenezwa kutupa mabomu, ila mlango wa nyuma ukifunguliwa, bomu linaviringishwa tu kama gunia. Waulizeni waliokimbilia Kakuma.

Ami alikuwa kimya muda wote, anakunywa kahawa yake. Ndipo akasema, "Wanangu, hata sisi tulifanya hivyo."

Alifanya kazi ya ufundi kwenye jeshi la anga alipokuwa kijana, aliporudi Oman baada ya 1970. Akatueleza habari za Skyvan. Kama hamuijui, ni kindege cha Belfast, kimekaa kama boksi la viatu lililotiwa mabawa, na nyuma kina mlango mpana. Wakati wa vita vya Dhofar kilibeba maji, chakula, risasi na majeruhi, kikitua kwenye viwanja vya vumbi huko majabalini. Na kilifanywa pia cha kutupia mapipa ya mafuta yaliyogeuzwa mabomu ya moto, yanasukumwa kwa mlango wa nyuma. Vita vikaisha. Baadaye baadhi ya Skyvan hizo hizo zikafungwa rada ya kutazama bahari, zikawa zinafanya doria ya pwani.

"Ndege ile ile?" akauliza kijana wa Mombasa.

"Ndege ile ile, mwanangu. Aliyebadilika ni aliyekuwa akiituma."

Mie kauli hiyo ilinikaa. Na Oman hawakuishia hapo. Mwaka 2012 waliagiza C-295 nane, tano za usafirishaji na tatu za doria ya baharini. Bodi moja, kazi mbili. Nchi ya mabaharia imeona kwamba bahari nayo inahitaji jicho.

Na sisi je?

Nitasema kwa nini jambo hili linaniuma, maana wengine mtadhani nimekosa la kuandika. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011 nilikuwa zamu hapa hapa Rusayl. MV Spice Islander ilikuwa imetoka Unguja kwenda Pemba, imejazwa watu na mizigo kupita kiasi. Ikazama saa saba za usiku, mbali kidogo na Nungwi. Mtoto wa ami yangu alikuwemo. Nilikaa na simu mpaka asubuhi, kila nikipiga haishiki, na kila anayenipigia anajua kidogo kuliko mie. Watu walielea gizani wameshikilia magodoro. Zaidi ya 600 waliokolewa, na sifa kubwa waende nayo wavuvi na wenye maboti. Waliopotea ni mamia, na huyu wetu hatukupata hata maiti ya kuzika. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe.

Sisemi kwamba ndege ingewaokoa wote. Sisemi waliokuwepo walikaa bure. Nasema hivi: mtu anayeelea anahitaji kitu cha kushikilia na mtu wa kumuona. Ndege ya mzigo inaweza kufika juu ya Nungwi kutoka Dar es Salaam kwa muda mfupi kuliko chombo chochote cha majini. Mlango ule ule wa nyuma unaotupa bomu unaweza kutupa mashua za mpira zinazojijaza upepo zenyewe, na taa zinazoshuka kwa mwavuli zikamulika maji. Huu si uchawi. Walinzi wa pwani wa Marekani wanatumia Hercules kwa kazi hiyo miaka na miaka, mpaka pampu za kutolea maji wanazidondosha kwa meli inayozama.

Najua majibu yenu. La kwanza, sisi maskini. Jamani, ndege tunazo! Kenya imechukua C-27J Spartan tatu kurithi Buffalo zake za zamani. Tanzania ilinunua Y-8 za Kichina, na Wachina wenyewe Y-8 hiyo hiyo wameigeuza ya doria ya bahari, ya rada, ya kila kitu. Mie siombi ndege mpya wala rada ya mamilioni. Naomba mashua za mpira kwenye pala, zimefungwa tayari, na marubani waliofanya mazoezi ya kuzidondosha usiku. Vituo vya kuratibu uokoaji baharini vipo Mombasa na Dar es Salaam, simu ipo, ofisi ipo. Hapo panahitajika mkono tu.

La pili, jeshi si zimamoto. Hili ndilo linalonipandisha pressure. Marekani ina tangi la kuingizwa ndani ya Hercules bila kuitoboa ndege, linabeba galoni 3,000, yaani zaidi ya lita 11,000, na linamwagwa kwa sekunde chache. Wanaorusha ni wanajeshi, na msimu wa moto ukiisha tangi linatolewa, ndege inarudi kubeba askari. Mlipoona Kilimanjaro inaungua Oktoba 2020, watu wanapanda na matawi ya miti kupiga moto, hamkujiuliza?

Ila nikiri, kwa Kilimanjaro mie mwenyewe nasita. Moto ule uko juu sana, upepo na mawingu si mchezo, na kuruka chini karibu na mlima kunaua. Julai 2012 ndege moja ya tangi hilo ilianguka South Dakota, wakafa wanne kati ya sita. Kwa hiyo akitokea mtu akaniambia moto usubiri, nitamsikiliza. Bahari isisubiri. Bahari ni tambarare, viwanja vipo, na vyombo vinajaa kila Idi.

Kijana wa Tanga alinuna kidogo, akasema, "Kaka, sisi tulikuwa tunacheza tu." Nikamwambia najua. Akageuza katoni upande wa pili, akamuuliza Ami mlango wa Skyvan ulikuwa na upana gani. Ami akanyoosha mikono yote miwili, akaona haitoshi, akamwambia kijana asimame naye anyooshe yake.

Haya, king'ora cha zamu kimelia. Wenye hoja leteni, hasa nyie mlio jeshini, na nyie wa Pemba mnaopanda boti wiki hii.